Mkono Ulioshika Sindano

Wazee wa pwani waliozaliwa kabla ya uhuru wanaikumbuka buba. Ilianza kama kipele, kipele kikawa kidonda, kidonda kikazaa vingine mwili mzima, na mtoto aliyekosa tiba alikua na mifupa iliyopinda na nyayo zilizopasuka hata kukanyaga chini ikawa taabu. Ugonjwa huo ulipenda joto na unyevu, na bonde la Rufiji limejaliwa vyote viwili. Katika miaka ya 1920 serikali ya Waingereza iliyoirithi Tanganyika kutoka kwa Wajerumani ilianza kuutibu kwa sindano, na bismathi ikawa moja ya dawa zake kuu. Vidonda vilikauka mbele ya macho ya watu. Hapakuwa na haja ya mahubiri wala bakora. Watu walikuja wenyewe, wengine kwa mwendo wa siku nzima. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ikaja penisilini. Kati ya 1952 na 1964 Shirika la Afya Duniani na UNICEF waliendesha kampeni iliyowatibu watu wapatao milioni 50 katika nchi 46, wengi wao kwa sindano moja tu.

Heshima ya sindano ilizaliwa hapo. Kidonge kilibaki kidonge, lakini sindano ndiyo iliyohesabiwa kuwa dawa. Mpaka leo mganga wa zahanati anayemwandikia mgonjwa vidonge peke yake huweza kuulizwa kwa upole wenye lawama ndani yake: sasa daktari, sindano je?

Kuhusu mkono ulioishika sindano hiyo, historia imenyamaza. Bomba lilikuwa la kioo na sindano ya chuma, na vyote vilitumika tena na tena. Dresa, yaani mhudumu aliyefunzwa kufunga vidonda na kuchoma sindano, alivichemsha, akavitoa majini, akaikaza sindano kwenye bomba, akachoma, akaichomoa, akalisafisha tundu lake kwa waya ili damu isigande ndani, akaichemsha tena. Ikibutuka aliinoa kwenye jiwe. Hesabu mwenyewe ni mara ngapi vidole vyake vilipita karibu na ncha ile kwa mgonjwa mmoja tu, kisha zidisha kwa foleni ya watu wa buba.

Na hatari yenyewe haikuwa siri. Machi 1847, miaka sita kabla ya Alexander Wood wa Edinburgh na Charles Pravaz wa Lyon kutengeneza mabomba yao ya sindano mwaka 1853, profesa Jakob Kolletschka wa Vienna alikuwa akipasua maiti pamoja na wanafunzi, kisu cha mwanafunzi mmoja kikamchoma kidole. Siku chache baadaye alikufa kwa sumu ya damu. Rafiki yake Ignaz Semmelweis alisoma taarifa ya uchunguzi wa mwili wake, akaona dalili zilezile za wazazi waliokuwa wakifa kwa homa ya uzazi katika wodi yake, na kutoka hapo akapata wazo la kuwataka madaktari waoshe mikono. Dunia ilichukua somo moja kutoka kwenye kifo kile, la kumkinga mgonjwa na mikono ya daktari. Somo la pili, la kumkinga daktari na ncha ya chuma, lilikuwa mezani palepale, na karibu kila mtu alilipita.

Rufiji ya baada ya uhuru ilipata zahanati kwa njia yake ya pekee. Mafuriko makubwa ya mwaka 1968 yaliharibu mashamba ya bondeni, na mwaka uliofuata serikali ikaendesha Operesheni Rufiji, mojawapo ya operesheni za mwanzo kabisa za kuwahamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa. Watu walitolewa kando ya mto wakapelekwa nyanda za juu. Wengi walihama kwa uchungu, maana mpunga wao ulibaki kule chini, na uchungu huo usifichwe. Lakini watu waliokusanywa pamoja walipangiwa shule na zahanati, na katika miaka ya 1970 nchi nzima ilielekeza nguvu za afya vijijini. Mpango wa Taifa wa Chanjo ukaanza mwaka 1975. Sasa foleni haikuwa tena ya watu wenye vidonda pekee. Ilikuwa ya kila mtoto mchanga aliyebebwa mgongoni.

Vifaa vya kazi hiyo katika vijiji visivyo na umeme vilikuwa sufuria la mvuke na jiko la mafuta ya taa. Mabomba na sindano vilipangwa ndani, vikachemshwa kwa muda uliotakiwa, vikapoa, vikatumika. Mafuta yakikosekana, muda wa kuchemsha ulipungua. Anayelijua delta la Rufiji ataelewa maana ya mafuta kukosekana. Hapa ndipo penye msitu mkubwa kuliko yote wa mikoko katika Afrika Mashariki, zaidi ya hekta 50,000, uliokatwakatwa na mito inayojaa na kupwa mara mbili kwa siku. Kuna vijiji ambavyo mtumbwi ndio gari lao, na safari hupangwa na bamvua. Wilaya ya Kibiti, iliyokuwa sehemu ya Rufiji, ina dunia mbili, ya barabara ya Kilwa na ya maji. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, hata dunia hiyo ya barabara ilikatika mtoni, na anayevuka alingoja pantoni.

Wakati sufuria la mvuke likiendelea kutumika, ugonjwa mpya ulikuwa umekwisha kuingia nchini. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI waliotambuliwa Tanzania walitokea Kagera mwaka 1983. Mwaka uliofuata jarida la The Lancet la Uingereza lilichapisha habari ya muuguzi aliyepata virusi baada ya kujichoma kwa sindano yenye damu ya mgonjwa. Jina lake halikutajwa. Hiyo ndiyo taarifa ya kwanza kuchapishwa duniani juu ya jambo hili, na kuanzia siku ile kila mtoa huduma aliyewahi kuona tone la damu likichungulia kwenye glavu yake alilazimika kujiuliza.

Afrika Mashariki ilikuwa na mtu wake ambaye tayari alikuwa amekwisha kulipa, bila kujua. Lucille Teasdale, daktari wa upasuaji kutoka Montreal, alifika hospitali ya Lacor karibu na Gulu, kaskazini mwa Uganda, mwaka 1961, akiwa na Piero Corti, daktari Mwitaliano ambaye alifunga naye ndoa mwishoni mwa mwaka huo. Walikikuta kituo kidogo cha misheni wakakifanya hospitali kubwa. Ilipofika vita ya 1979, majeshi ya Tanzania yalipomng'oa Idi Amin, majeruhi waliletwa Lacor kwa wingi. Lucille aliwafanyia upasuaji mfululizo. Katika kuvichokonoa vipande vya mifupa iliyovunjwa na risasi, vidole hukatwa, glavu ikiwepo au isiwepo. Mfupa uliopasuka una makali yake. Virusi vya UKIMWI vilikuwa bado havijapewa hata jina. Mwaka 1985 vipimo vilionyesha kuwa anavyo, na inaaminika alivipata kutoka kwa wale majeruhi. Aliendelea kufanya kazi. Kwa maisha yake yote pale Lacor alifanya upasuaji zaidi ya 13,000, akafariki Agosti 1, 1996, akazikwa palepale hospitalini.

Watu humsimulia Lucille kama shujaa, na alikuwa shujaa kweli. Lakini ushujaa una hatari yake unapogeuzwa sera. Ukikubali kwamba kujikata ni sehemu ya wito, hutauliza tena kwa nini meza ya upasuaji haina kifaa cha kuokoteshea vipande vya mfupa, au kwa nini sindano ya kushonea inashikwa kwa vidole.

Maswali hayo yaliulizwa Mwanza. Mwaka 1993 watafiti Gumodoka, Favot, Berege na Dolmans walikusanya taarifa katika hospitali tisa za mkoa huo, na matokeo yalitoka mwaka 1997 katika jarida la Shirika la Afya Duniani. Kwa wastani mfanyakazi mmoja wa afya alichomwa au kukatwa mara tano kwa mwaka, na kurukiwa na damu au majimaji ya mwili mara tisa. Walikadiria kwamba hatari ya kuambukizwa VVU kazini ilikuwa asilimia 0.27 kwa mwaka, na kwa madaktari wa upasuaji wasiojikinga kwa njia maalumu asilimia 0.7. Ni namba ndogo kwa anayezisoma juu juu. Piga hesabu ya miaka 20 kazini: katika kila madaktari wa upasuaji 100, karibu 13. Kiwanda chenye namba hizo kingefungwa.

Mwaka huohuo wa 1997 ilitoka habari njema kutoka ng'ambo. Utafiti uliohusisha wafanyakazi wa afya wa Ufaransa, Uingereza, Italia na Marekani ulionyesha kuwa waliomeza dawa ya zidovudini mara baada ya kujichoma walipunguza uwezekano wa kuambukizwa VVU kwa takriban asilimia 81. Dawa kinga ilikuwa imepatikana. Tanzania ilianza kugawa dawa za VVU, yaani ARV, bure kwa mpango wa taifa Oktoba 2004. Kati ya miaka hiyo miwili, muuguzi wa zahanati ya kijijini aliyejichoma alikuwa na sala, na jiki ya kuoshea kidole. Hata jiki yenyewe haifai, maana inaunguza ngozi bila kuua kilichokwisha ingia.

Karne ilipogeuka, ndipo sindano zenyewe zilipobadilika. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba dunia inachoma sindano bilioni 16 kwa mwaka, na nyingi hazikuwa salama. Mwaka 1999 shirika hilo, UNICEF na UNFPA yalitoa tamko la pamoja kwamba ifikapo mwisho wa 2003 chanjo zote zitolewe kwa mabomba yanayojifunga: ukishasukuma dawa mara moja, kitasa cha ndani hukwama na bomba halivutiki tena. Pamoja nayo likaja boksi gumu la karatasi, la lita tano, lenye tundu juu, ambalo wahudumu wetu wanaliita sefti boksi. Sufuria la mvuke likastaafu.

Nje ya chanjo, kwa wagonjwa wa kawaida, mambo yalichelewa. Mwingereza Marc Koska, aliyeibuni sindano ya aina hiyo inayoitwa K1, alifika Tanzania mwishoni mwa muongo wa 2000 akiwa na kamera. Alirekodi tukio la bomba lililotumika kwa mtu mwenye VVU na kaswende kutumika tena kwa mtoto. Akampelekea picha hizo Waziri wa Afya wa wakati huo, Profesa David Mwakyusa, na serikali ikaamua kuhamia kwenye mabomba yanayojifunga katika huduma zake. Uamuzi huo unastahili sifa. Nchi tajiri kuliko yetu zilikuwa bado zinajikuna kichwa.

Sasa tazama jambo ambalo nimekuwa nikilisogelea tangu mwanzo. Kuchemsha kulimkinga mgonjwa anayefuata. Bomba la plastiki la kutumia mara moja lilimkinga mgonjwa anayefuata. Bomba linalojifunga linamkinga mgonjwa anayefuata, na linamkinga vizuri sana. Lakini baada ya dawa kuisha ndani ya bomba, ncha iko wazi, ina damu, na imo mkononi mwa muuguzi. Mtoto anarusha mguu. Mama anamvuta. Sefti boksi liko upande wa pili wa chumba, au limejaa hadi mdomoni. Muuguzi anatafuta kifuniko ili airudishie sindano, kwa nia njema kabisa, na mkono wa kushoto unakutana na wa kulia. Karne nzima ya maendeleo imepita upande wake.

Teknolojia ya kumkinga naye ipo, tena si ya jana. Yako mabomba ambayo sindano hujirudisha ndani ikimaliza kazi, na yako yenye ala inayoteleza na kuifunika ncha. Marekani ililifanya kuwa sheria: Novemba 6, 2000 Rais Bill Clinton alisaini sheria inayowataka waajiri watumie vifaa hivyo, wawashirikishe wafanyakazi katika kuvichagua, na waweke daftari la kila anayejichoma. Sheria hiyo ilipiganiwa na wauguzi, baadhi yao wakiwa wamekwisha kuambukizwa. Februari 2015 Shirika la Afya Duniani nalo likataka dunia nzima ihamie kwenye sindano salama ifikapo 2020, na safari hii likapendekeza pia zile zinazomkinga mchomaji. Mwaka 2020 umepita. Katika zahanati nyingi za vijijini mwetu sindano zinazojirudisha bado ni adimu, kwa kuwa bei yake ni kubwa kuliko ya bomba la kawaida, na anayenunua huangalia bei ya bomba bila kuweka kwenye mizani bei ya muuguzi.

Turudi Kibiti. Wilaya hii, ilipokuwa bado sehemu ya Rufiji, ni miongoni mwa sehemu za Afrika zilizohesabiwa kwa makini zaidi. Mradi wa afya wa TEHIP ulianza mwaka 1997 katika Rufiji na Morogoro Vijijini, ukaonyesha kwamba bajeti ya afya ikifuata magonjwa yanayoua kweli, hata nyongeza ndogo ya fedha huokoa watoto wengi. Vifo vya watoto vilishuka kwa zaidi ya asilimia 40 katika miaka michache. Kuanzia 1998 wahesabuji walipita kaya kwa kaya wakiandika nani kazaliwa, nani kafa, nani kahama. Ni kazi ya kujivunia. Lakini haikuundwa kuhesabu vidole vya wauguzi, na kisichohesabiwa hakipangiwi fedha.

Na delta linaongeza ugumu wake. Dawa kinga ya VVU inatakiwa ianze haraka iwezekanavyo, ikiwezekana ndani ya saa mbili, na isizidi saa 72. Kisha humezwa kwa siku 28. Muuguzi wa zahanati iliyozungukwa na mikoko, aliye peke yake zamu ya usiku, anayemshona mama aliyechanika kwa mwanga wa tochi, akijichoma saa nane za usiku wakati maji yamepwa, hana pa kwenda mpaka maji yajae. Akiondoka, nani abaki na mzazi? Kuna pia suala la taka. Maelekezo yanasema ncha zitupwe kwenye shimo refu lililofunikwa au zichomwe kwenye kichomeo chenye moto mkali. Ardhi ya delta, ukichimba kidogo tu, maji haya hapa. Kwa hiyo maboksi yaliyojaa yanatakiwa yasafirishwe kwa boti, na kila boksi lililoloa linaweza kutoboka mikononi mwa mbebaji. Mbebaji huyo, na mama anayedeki wodi, na kijana anayewasha moto nyuma ya zahanati, nao ni wafanyakazi wa afya, ingawa hawavai koti jeupe na mara nyingi hawaalikwi kwenye mafunzo.

Tishio kubwa kwao wote si VVU. Kwa kila kujichoma kwa sindano yenye damu ya mtu mwenye VVU, uwezekano wa kuambukizwa ni kama 3 kati ya 1,000. Kwa homa ya ini aina ya C, makadirio yaliyotumika kwa miaka mingi ni karibu 2 kati ya 100. Kwa homa ya ini aina ya B, mtu asiye na chanjo, ni kati ya 6 na 30 kwa kila 100. Na hiyo B ndiyo pekee kati ya tatu yenye chanjo, iliyokuwepo tangu miaka ya 1980. Watoto wa Tanzania walianza kuipata katika chanjo za kawaida mwaka 2002. Maana yake ni kwamba muuguzi aliyezaliwa kabla ya hapo hakuipata utotoni; kama hakuchanjwa chuoni au kazini, basi anamchanja mtoto dhidi ya ugonjwa ambao yeye mwenyewe hana kinga yake. Dozi tatu za chanjo zinatosha kulimaliza jambo hili. Kwangu mimi hili ndilo lisilosameheka kuliko yote, kwa sababu halihitaji uvumbuzi wowote.

Sheria tunazo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ni ya mwaka 2003. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ni ya 2008, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza kazi mwaka 2015, ukiwahusu walio serikalini na walio sekta binafsi. Lakini fidia hudai ushahidi, na ushahidi ni daftari. Muuguzi aliyejichoma akanyamaza, kwa aibu, kwa hofu ya kupimwa, au kwa kujiambia kwamba ndivyo alivyoandikiwa, hana cha kuonyesha miaka kumi baadaye ini litakapoanza kugoma. Msimamizi anayemfokea aliyejichoma kwa kutokuwa makini anawafundisha wengine kumi kunyamaza.

Jambo jema moja limekuja bila kelele. Mwaka 2006 Tanzania ilianza kuhamia kwenye dawa mseto ya vidonge kwa malaria, na haja ya sindano za homa ikapungua. Ila kipimo cha haraka cha malaria kilichofuata huanza kwa kumtoboa mgonjwa kidole, na kila kitobozi ni ncha nyingine inayohitaji boksi. Sindano isiyochomwa ndiyo salama kuliko zote. Hata kule Mwanza, miaka ileile ya 1990, watafiti waliona kwamba sindano nyingi walizochomwa wagonjwa wa nje zingeweza kuepukwa.

Kwa hiyo maneno haya yawafikie wanaopanga bajeti za halmashauri za Kibiti na Rufiji: dawa kinga ikae ndani ya kila zahanati ya delta, isingojewe kutoka ng'ambo ya maji, kila anayegusa ncha au taka yake, hadi mpiga deki, achanjwe homa ya ini B, boksi liwe mkono unapofika, na libadilishwe likifika robo tatu. Na wewe muuguzi au mfanya usafi, ukichomwa, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, usikamue, mwambie msimamizi saa ileile, jina lako na saa viandikwe. Na wewe mgonjwa, ukipewa vidonge usidai sindano, na ukimpeleka mtoto kuchomwa, mshike barabara mpaka muuguzi aliangushe bomba ndani ya boksi.